Chupa Tatu za Sabuni ya Maji ya Watoto Wachanga, Zikisomwa kwa Upande wa Nyuma

Mwanangu alipokuwa na umri wa miezi mitatu alianza kutoka mabaka makavu, mekundu, kwenye mikunjo ya shingo na nyuma ya magoti. Daktari aliyemwona hakuanza na dawa. Alianza na maswali mawili: mtoto huogeshwa mara ngapi, na huogeshwa kwa kitu gani. La kwanza nililijibu mara moja. La pili nililijibu kwa kutaja rangi ya chupa na picha iliyo juu yake, maana hayo ndiyo pekee niliyoyajua kuhusu kitu nilichokuwa nikimpaka mtoto mwili mzima kila jioni. Tangu siku hiyo nimetumia sabuni tatu za maji, zote zikiuzwa kwa neno moja, “laini”, na zote nimezisoma neno kwa neno upande wa nyuma kabla ya kuzitolea uamuzi. Tathmini hii ni ya hizo tatu. Sitaji majina ya watengenezaji, kwa kuwa michanganyiko ninayoieleza hutumiwa na wengi, na mzazi atakayeielewa ataitambua hata akiikuta ndani ya chupa nyingine.

Ubora wa sabuni ya mtoto hauwezi kupimwa bila kwanza kuijua ngozi inayooshwa. Tabaka la juu kabisa la ngozi, lile linalozuia maji ya mwilini yasitoke na vitu vya nje visiingie, kwa mtoto mdogo ni jembamba kwa karibu asilimia 30 kuliko la mtu mzima. Eneo la ngozi yake, likilinganishwa na uzito wake, ni kubwa mara mbili hadi tatu kuliko letu, kwa hiyo kiasi kile kile cha kiambato kikipakwa mwili mzima humfikia kwa kipimo kikubwa zaidi kwa kila kilo aliyo nayo. Tena mtoto huzaliwa ngozi yake ikiwa na pH (kipimo cha asidi: chini ya 7 ni asidi, juu yake ni alkali) inayokaribia 7, kisha katika wiki za mwanzo hushuka hadi kati ya 5 na 6, na asidi hiyo ndogo ina kazi maalumu: huviwezesha vimeng'enya vinavyotengeneza mafuta ya kinga kufanya kazi yake, na huwanyima baadhi ya bakteria mazingira ya kustawi. Sabuni halisi, ile inayotokana na mafuta kupikwa na magadi makali, ina pH ya 9 hadi 10.

Wapo wanaosema kwamba kitu cha kuoshea hakikai mwilini, hivyo hakiwezi kudhuru. Historia haiungi mkono uhakika huo. Kwa miaka mingi hospitali nyingi ziliwaogesha watoto wachanga kwa heksaklorofeni, dawa ya kuua bakteria iliyoaminiwa kabisa, mpaka ilipogundulika kwamba hupenya ngozi ya mtoto na kudhuru ubongo na neva. Mwaka 1972 huko Ufaransa poda ya watoto ambayo kwa makosa ya kiwandani ilichanganywa na heksaklorofeni kwa asilimia 6 iliua watoto 36, na mwaka huo huo Marekani ikaiwekea dawa hiyo masharti makali. Sisemi kwamba sabuni za leo zinafanana na sumu ile, kwani hazifanani hata kidogo. Nasema tu kwamba ngozi ya mtoto ni mlango, na mzazi ana haki ya kujua kinachopita mbele yake.

Orodha ya viambato ina kanuni moja ambayo ningependa kila mzazi aijue. Viambato hupangwa kwa uzito, kilicho kingi kikitangulia, lakini vile vilivyo chini ya asilimia 1 huruhusiwa kuandikwa kwa mpangilio wowote anaoutaka mtengenezaji. Kwa sababu hiyo dondoo la ua fulani, lililotiwa kwa tone moja au mawili, laweza kuandikwa juu ya kihifadhi kilicho kingi kulishinda. Mimi hutumia fenoksiethanoli kama mpaka: sheria ya Umoja wa Ulaya hairuhusu kihifadhi hiki kizidi asilimia 1, hivyo chochote kinachotajwa baada yake nacho hakizidi kiasi hicho. Mara nyingi picha kubwa iliyo mbele ya chupa huwa ni ya kitu kilichotajwa baada ya mpaka huo.

Chupa ya kwanza ndiyo ile niliyomtajia daktari kwa rangi yake. Baada ya maji, orodha yake ilianza na sodiamu laurethi salfeti, kiambato cha kusafisha na kutoa povu, ikafuata kokamidopropili betaini, chumvi ya kuufanya mchanganyiko uwe mzito, manukato, linalooli, limonini na methilisothiazolinoni. Ilitoa povu jingi na harufu iliyobaki kichwani mwa mtoto mpaka asubuhi, na nakiri kwamba harufu hiyo ndiyo iliyonifanya niinunue mara ya pili na ya tatu.

Kiambato ambacho wazazi wengi hukiogopa katika orodha hiyo ni cha kwanza, ile salfeti. Hofu hiyo ina msingi, ingawa husemwa kwa namna inayochanganya mambo. Sodiamu laurili salfeti, ndugu yake wa karibu, huwasha ngozi kiasi kwamba watafiti huitumia makusudi katika majaribio wanapotaka ngozi iwashe. Laurethi ni afadhali kuliko hiyo, kwa kuwa imepitishwa katika hatua ya kiwandani ya kuunganishwa na gesi ya ethilini oksaidi, lakini hatua hiyo hiyo huacha masalia ya 1,4-dioksani, kitu ambacho Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limekiweka katika kundi la vile vinavyoweza kusababisha saratani kwa binadamu. Dioksani haitaonekana kwenye lebo, kwa sababu si kiambato kilichotiwa, ni mabaki ya utengenezaji. Mtengenezaji makini anaweza kuyapunguza sana kwa kuyafyonza kabla ya kuuza, na jimbo la New York limeweka kikomo cha sehemu 1 kwa milioni moja katika bidhaa za kusafishia mwili tangu mwisho wa mwaka 2023. Kiasi kinachobaki mwilini baada ya kusuuza ni kidogo mno, na mimi siiweki dioksani mbele ya orodha ya mambo yanayonikosesha usingizi. Hata hivyo, niliwaandikia watengenezaji wa chupa hii kuwauliza wanaipima vipi, na jibu nililopata lilikuwa sentensi ya shukrani isiyo na takwimu yoyote.

Kilichonifanya niitupe chupa ya kwanza kilikuwa mwishoni mwa orodha. Methilisothiazolinoni ni kihifadhi chenye nguvu sana kwa kiasi kidogo sana, na nguvu hiyo ndiyo tatizo lake: huuzoesha mwili mzio, na mzio ukishaingia hautoki. Chama cha madaktari wa mzio wa ngozi cha Marekani kilikitangaza kuwa kizio, yaani kitu kinacholeta mzio, cha mwaka 2013. Mwaka 2014 madaktari wa huko huko walieleza habari za watoto sita waliopata vipele vikali usoni na makalioni, vikadhaniwa kuwa ukurutu au maambukizi na kutibiwa hivyo kwa muda mrefu, kumbe chanzo kilikuwa kihifadhi hicho ndani ya vitambaa vyenye unyevu vya kuwafutia. Umoja wa Ulaya ulikipiga marufuku mwaka 2017 katika bidhaa zinazoachwa mwilini, na katika zile za kusuuzwa ukakiwekea kikomo cha sehemu 15 kwa milioni moja. Anayetaka kukitambua kwenye lebo atafute neno refu linaloishia na herufi “isothiazolinone”. Kwangu mimi neno hilo linatosha kuirudisha chupa ya mtoto rafuni, hata kama kila kitu kingine ndani yake ni kizuri.

Manukato nayo yanastahili maneno makali zaidi kuliko yanavyopewa kwa kawaida. Neno “parfum” au “fragrance” ni mlango uliofungwa. Nyuma yake yanaweza kuwamo makumi ya kemikali ambazo mtengenezaji halazimiki kuzitaja moja moja. Ulaya imelifungua kidogo pazia hilo kwa kuwataka watengenezaji waorodheshe vizio vya manukato vinavyojulikana vikizidi asilimia 0.01 katika bidhaa ya kusuuzwa. Orodha ilikuwa ya vizio 26, na kwa kanuni ya mwaka 2023 imeongezwa hadi zaidi ya 80. Ndiyo sababu linalooli na limonini zilionekana kwenye chupa yangu. Lakini swali lililo muhimu zaidi halimo katika orodha: manukato yanamfanyia mtoto kazi gani? Hayamsafishi, hayailindi ngozi yake, wala mtoto mwenyewe hakuyaomba. Yamewekwa kwa ajili ya pua ya mzazi, na hatari yake imebebeshwa ngozi ya mtoto.

Chupa ya pili niliinunua kwa hasira ya kudanganyika na ile ya kwanza, na ndiyo iliyonifundisha zaidi. Iliandikwa kwamba imetokana na mimea, haina kemikali, haina vihifadhi, na orodha yake ilikuwa fupi na ya kupendeza: mafuta ya zeituni na ya nazi yaliyogeuzwa sabuni, glisirini, protini ya ngano, mafuta ya mlozi, mafuta ya mrujuani (lavenda). Nilidhani nimefika. Ngozi ya mtoto ilikauka zaidi ndani ya wiki moja kuliko ilivyokauka kwa miezi mitatu.

Sababu ya kwanza ni ile pH. Mafuta yaliyogeuzwa sabuni ni sabuni halisi, iwe ya mche au ya maji, na hayawezi kuwa na asidi ya ngozi. Yakishushwa mpaka kwenye pH ya 5.5 hukoma kuwa sabuni na kurudi kuwa asidi za mafuta zinazoelea. Lebo haikutaja pH popote. Niliipima kwa karatasi ya kupimia iliyolowanishwa kwa maji ya sabuni hiyo, na rangi iliyotokea ilikuwa kati ya 9 na 10. Karatasi hiyo si kipimo cha maabara, lakini tofauti kati ya 5.5 na 9.5 haihitaji maabara.

Sababu ya pili ni nzito zaidi na haizungumzwi vya kutosha. Chakula kikipita tumboni, mwili wa mtoto hujifunza kukivumilia. Kikipita kwenye ngozi iliyopasuka, mwili waweza kukichukua kama adui. Japani ilijifunza jambo hili kwa gharama kubwa: sabuni ya uso iliyokuwa na protini ya ngano iliyovunjwavunjwa iliwafanya zaidi ya watu 2,000 wapate mzio wa ngano, na wengi wao walikuwa wakila mkate maisha yao yote bila shida. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 nchini Uingereza ulihusisha mzio wa karanga kwa watoto na matumizi ya mafuta ya ngozi yenye mafuta ya karanga, hasa kwa waliokuwa na vipele vinavyochuruza. Mtoto wangu alikuwa na ngozi iliyopasuka, nami nilikuwa nikimsugua ngano na mlozi kila jioni nikiamini kwamba nimemwepusha na kemikali. Hakupata mzio, na ninashukuru. Lakini mzazi yeyote ambaye mtoto wake ana ukurutu aitazame orodha kwa macho ya mpishi: ngano, maziwa, ufuta, karanga, korosho, mlozi, shayiri. Kwa ngozi iliyopasuka, maneno hayo yananitia hofu kuliko jina lolote refu la maabara.

Kuhusu mrujuani sitarefusha. Kuna taarifa ya kitabibu ya mwaka 2007 iliyoeleza habari za wavulana watatu waliovimba matiti wakitumia bidhaa zenye mafuta ya mrujuani au ya mti wa chai, na wanasayansi bado wanabishana kama mafuta hayo ndiyo yaliyosababisha. Mabishano hayo hayanihitaji niyamalize, kwa sababu mafuta ya mrujuani ni manukato kama manukato mengine, yamejaa linalooli, na linalooli ikikutana na hewa hugeuka kuwa kizio.

Na lile dai la kutokuwa na vihifadhi? Sabuni halisi ya maji hujilinda kwa ukali wake wa alkali, hivyo katika chupa hii dai hilo lilikuwa kweli kwa sababu mbaya. Kitu chenye maji, chenye pH ya ngozi, kisicho na kihifadhi chochote, huwa makazi ya bakteria kama pseudomonasi, ambao kwa mtoto mdogo si wadudu wa kupuuzwa. Bidhaa za kuogea zimewahi kurudishwa kiwandani katika nchi mbalimbali kwa sababu hiyo hasa. Nieleze hapa pia tabia moja niliyokuwa nayo na ambayo naiona kwa wazazi wengi: kutia maji ndani ya chupa inapokaribia kwisha ili kupata tone la mwisho. Maji hayo hukizimua kihifadhi pamoja na sabuni, na kinachobaki humo ndani baada ya siku chache si kitu cha kumpaka mtoto.

Chupa ya tatu haikuwa na picha. Orodha yake: maji, glisirini, desili glukosaidi, kokamidopropili betaini, asidi ya limau ya kurekebisha pH, sodiamu benzoeti, fenoksiethanoli. Hakuna manukato ya aina yoyote, na mbele imeandikwa kwamba pH yake ni 5.5. Hii ndiyo ambayo mwanangu ametumia kwa miezi saba sasa.

Si sabuni isiyo na kasoro, na nisingependa ichukuliwe hivyo. Povu lake ni hafifu, na mtu aliyezoea povu hujikuta akibonyeza mara tatu pale ambapo mara moja ingetosha. Pampu yenyewe hutoa nyingi mno kwa mwili mdogo. Maandishi ya viambato ni madogo kiasi kwamba niliyapiga picha ili niyakuze. Betaini iliyomo ilitajwa na chama kile kile cha madaktari wa mzio kuwa kizio cha mwaka 2004, ingawa lawama kubwa huangukia uchafu unaobaki ikitengenezwa vibaya, na jamii ya glukosaidi nayo ilitajwa mwaka 2017. Fenoksiethanoli iliwahi kuwekewa tahadhari na wakala wa dawa wa Ufaransa mwaka 2012, ulioshauri isitumike katika bidhaa za makalioni kwa watoto walio chini ya miaka mitatu. Kamati ya wanasayansi ya Ulaya ilipoipitia tena mwaka 2016 ilisema ni salama mpaka asilimia 1. Nimeyapima hayo yote na bado naichagua chupa hii, kwa sababu kila kiambato chake kina kazi ninayoweza kuieleza, na kwa sababu imeacha vile vitu viwili vilivyo rahisi kuviacha: manukato na methilisothiazolinoni.

Jamaa mmoja alinishangaa kwa kuchagua sabuni yenye majina ya maabara badala ya ile ya mimea, akaniuliza kama haina parabeni, vihifadhi ambavyo wazazi wengi huviogopa. Haina, lakini hata ingekuwa nayo nisingeikataa kwa hilo peke yake. Parabeni si kitu kimoja. Ulaya ilipiga marufuku tano kati yake mwaka 2014, na ikakataza propili na butili katika bidhaa za kuachwa makalioni mwa watoto walio chini ya miaka mitatu. Methili na ethili zimeruhusiwa kwa vipimo vyake. Kwa upande wa mzio ni miongoni mwa vihifadhi vipole kabisa, hata madaktari wale wa Marekani wakazitaja mwaka 2019 kuwa “kisicho kizio” cha mwaka. Uchungu wangu ni kwamba watengenezaji wengi walipoziondoa ili waandike “bila parabeni”, mahali pake waliweka isothiazolinoni, na watoto wakalipa.

Hilo halina maana kwamba sauti za wazazi hazifai kitu. Mwaka 2009 kikundi cha wanaharakati wa Marekani kilichapisha vipimo vilivyoonyesha formaldehaidi na dioksani katika bidhaa za kuogeshea watoto. Formaldehaidi hiyo ilitoka kwa vihifadhi kama kwaternium-15 vinavyoiachia polepole. Kampuni ya Johnson & Johnson, ambayo bidhaa zake zilikuwa zimetajwa, iliahidi kuviondoa vihifadhi hivyo katika bidhaa zake za watoto ifikapo mwisho wa 2013, na mchanganyiko ukabadilishwa. Watu walisoma lebo, wakauliza, na kiwanda kikabadilika.

Maneno ya mbele ya chupa nimeyaacha mpaka hapa kwa kuwa hayana mengi. Dai kwamba bidhaa haisababishi mzio halina kipimo cha kisheria Marekani: mamlaka ya chakula na dawa, FDA, ilitunga kanuni mwaka 1975 ya kuwataka watengenezaji wathibitishe dai hilo kwa majaribio, lakini mahakama ikaitengua mwaka 1977, na tangu hapo neno hilo linamaanisha kile ambacho mtengenezaji anataka limaanishe. “Imepimwa na madaktari wa ngozi” haisemi ni madaktari wangapi, walipima nini, wala waliona nini. “Haichomi macho” ni dai la macho, halihusu ngozi. Chupa zangu zote tatu zilikuwa na angalau mawili kati ya maneno hayo.

Nilipaswa pia kujiuliza kama sabuni yenyewe inahitajika. Utafiti wa Manchester uliochapishwa mwaka 2013, uliofuatilia watoto wachanga 307, ulilinganisha sabuni laini ya maji na maji matupu na haukuona tofauti katika upotevu wa maji kupitia ngozi. Yafaa msomaji ajue kwamba ulifadhiliwa na mtengenezaji wa bidhaa za watoto. Mafuta ya kumimina ndani ya maji ya kuogea ndiyo niliyoyaacha kabisa: jaribio lililochapishwa mwaka 2018, lililohusisha watoto 483 wenye ukurutu nchini Uingereza na Wales, halikuona faida ya maana. Kwa hiyo sasa mwanangu huogeshwa siku tatu kwa wiki, kwa dakika zisizozidi kumi, maji yakiwa ya uvuguvugu. Sabuni hupakwa kwapani, shingoni na makalioni tu mwishoni mwa kuoga, kisha husuuzwa vizuri. Siku nyingine ni maji matupu na kitambaa laini.

Mabaka yalipungua ndani ya wiki tatu, na ya nyuma ya magoti yakaisha. Siwezi kuipa chupa ya tatu sifa yote, kwa kuwa nilibadilisha sabuni, idadi ya siku na muda wa kuoga kwa wakati mmoja, na mtoto mmoja si ushahidi wa jambo lolote. Ninaloweza kusema ni kwamba nitainunua tena, kwa sharti moja. Wiki iliyopita niliilinganisha chupa mpya na picha niliyoipiga ya ile ya zamani, nikakuta sodiamu benzoeti imesogezwa nafasi moja na dondoo la chamomaili limeongezwa mwishoni, bila tangazo lolote mbele. Nimewaandikia kuuliza kama dondoo hilo limewekwa kwa ajili ya harufu, na mpaka watakaponijibu chupa mpya inasubiri ikiwa haijafunguliwa.